Saa Moja ya Kila Jumatano Mjini Glasgow

Msafiri atokaye Afrika Mashariki na kufika Glasgow katika mwezi wa Septemba hupokewa kwanza na mvua, kisha na watu. Mvua yenyewe si ile tuliyoizoea sisi, itanguliwayo na ngurumo, ikamwagika kwa saa moja na kuiacha ardhi ikitoa harufu njema. Ni manyunyu yasiyo na haraka, yaanzayo alfajiri na kuendelea hadi usiku, na wenyeji hutembea ndani yake bila mwavuli kana kwamba hawayaoni. Watu wake, kinyume cha hali ya hewa yao, ni wachangamfu. Mgeni akisimama njia panda na karatasi mkononi, hawapiti watu watatu kabla ya mmoja kusimama na kumwuliza anatafuta wapi. Ila lahaja yao humfanya hata mtu aliyesoma Kiingereza tangu utoto adhani kwamba ameteremka katika nchi nyingine.

Nilikwenda katika mji huo kwa masomo ya mwaka mmoja juu ya jinai na jamii. Mimi ni askari polisi, tena ni mama wa watoto wawili, ambao niliwaacha nyumbani kotani pamoja na baba yao na bibi yao. Nalitaja jambo hili la watoto kwa kuwa lina mahali pake mbele ya safari. Katika makala haya nakusudia kuwaeleza wasomaji, hasa askari wenzangu na jamaa zao, habari za mji wa Glasgow, jinsi wakazi wake walivyohangaika na vijana wao, na neno moja dogo nililolipata kwa mtoto wa miaka kumi na minne, ambalo naona linatuhusu sisi wa kambini kuliko watu wengine wote.

MJI ULIOUNDA MELI

Glasgow umekaa kando ya mto Clyde, upande wa magharibi wa Uskoti. Chuo Kikuu chake kilianzishwa mwaka 1451, na reli yake ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1896, huzunguka mji kwa duara moja kamili, hata abiria aliyesinzia akapitiliza kituo chake ana hakika ya kurudishwa palepale. Lakini sifa kubwa ya mji huo ilikuwa meli. Mwanzoni mwa karne ya 20, karibu meli moja katika kila tano zilizoundwa duniani ilitoka katika viwanda vya mto Clyde.

Msomaji aliyewahi kuvuka Ziwa Victoria kwa meli iitwayo Victoria amekwisha kuiona kazi ya mikono ya watu wa Glasgow, ingawa pengine hakujua. Meli hiyo iliundwa katika kiwanda cha Yarrow, mtaa wa Scotstoun, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu, ikaunganishwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Siku moja nilisimama ukingoni mwa mto huo nikamweleza mzee mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa wake kwamba meli ya kwao imekuwa ikifanya kazi ziwani kwetu miaka yote hiyo. Alinyamaza kidogo, akatazama maji, akasema kuwa hilo ni jambo jema, maana kiwanda alichofanyia kazi yeye kimegeuzwa maegesho ya magari.

Jibu la mzee huyo lilikuwa na historia ndefu ndani yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya meli na vya chuma vilianza kufungwa kimoja baada ya kingine. Mji uliokuwa na wakazi zaidi ya milioni moja katika miaka ya 1930 sasa una wakazi wapatao laki sita na kidogo. Katika miaka ya 1950 na iliyofuata, familia nyingi zilitolewa katika nyumba za zamani zilizosongamana, kama zile za Gorbals, zikapelekwa katika mitaa mipya pembezoni: Easterhouse, Drumchapel, Castlemilk. Walipewa nyumba zenye bafu na choo ndani, jambo ambalo wengi hawakupata kuwa nalo, lakini maduka yalikuwa machache, kumbi za vijana zilikuwa chache zaidi, na kazi zilikuwa mbali. Vijana wengi walikua bila kumwona baba akirudi jioni na mikono ya mtu aliyefanya kazi.

Yapo pia mengine ambayo mji huo umelazimika kuyatazama usoni. Baadhi ya barabara zake nzuri zaidi zina majina ya wafanyabiashara wa tumbaku waliotajirika kwa jasho la watumwa wa Kiafrika ng'ambo ya Atlantiki, na mwaka 2022 Baraza la Mji liliomba radhi hadharani kwa sehemu ya mji katika biashara hiyo. Lakini mji huo huo ulimpa Nelson Mandela heshima ya uraia mwaka 1981, alipokuwa angali gerezani. Na mwaka 1986 uwanja uliokuwa na ofisi ya ubalozi mdogo wa Afrika Kusini ukapewa jina lake, hata maofisa wa serikali ya ubaguzi wakawa hawapati barua bila jina la mfungwa wao kuandikwa juu ya bahasha. Mandela mwenyewe alikuja kutoa shukrani mwaka 1993.

GWARIDE, RUNGU NA DAWA

Askari atakayefika Glasgow atashangaa kuona kwamba tatizo la vijana wa mji huo limejaribiwa kutatuliwa, kwa nyakati mbalimbali, kwa njia karibu zote ambazo sisi wenyewe tunazifahamu.

Njia ya kwanza ilikuwa gwaride. Tarehe 4 Oktoba 1883, William Alexander Smith, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili na pia ofisa wa jeshi la kujitolea, alianzisha kikosi cha wavulana kilichoitwa Boys' Brigade. Wavulana wake walikuwa watundu wasiotulia darasani, naye akaona kwamba mtoto asiyesikia mahubiri aweza kusikia amri ya kugeuka kulia, mradi anayeitoa anamjali. Wazo hilo lilienea katika nchi nyingi za dunia, za Afrika zikiwemo.

Njia ya pili ilikuwa rungu. Katika miaka ya 1920 na 1930 magenge ya vijana yalikatana kwa nyembe mitaani. Mwaka 1931 mji ulimwajiri Percy Sillitoe kuwa mkuu wa polisi. Huyu alikuwa amekwisha kutumikia polisi ya Rhodesia ya Kaskazini na kuyavunja magenge ya Sheffield nchini Uingereza. Aliwachagua askari wakubwa wa miili, akawapa magari na redio, akayavunja magenge kwa mkono wa chuma. Ni yeye pia aliyewavisha askari wa Glasgow kofia zenye mkanda wa miraba myeusi na myeupe, alama ambayo baadaye iliigwa na polisi wa sehemu nyingi duniani. Sillitoe aliondoka Glasgow mwaka 1943, na katika miaka ya 1960 magenge yalikuwa yamesimama tena, mengine yakiwa ya watoto wa wale waliopigwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 magazeti yaliuita mji huo mji mkuu wa mauaji wa Ulaya. Ndipo ilipokuja njia ya tatu. Mwaka 2005 polisi wa jimbo la Strathclyde waliunda Kitengo cha Kupunguza Ukatili, chini ya mpelelezi John Carnochan na mtaalamu Karyn McCluskey. Hao walisema kwamba ukatili na utazamwe kama maradhi ya kuambukiza. Daktari wa kipindupindu hatosheki na kuwalaza wagonjwa. Huenda kukitafuta kisima. Oktoba 2008 vijana wa magenge ya mashariki ya mji waliitwa katika chumba cha mahakama, si kushtakiwa bali kusikiliza. Walizungumza nao polisi, wakawaonya. Akazungumza daktari, akawaeleza kisu hufanya nini usoni mwa mtu. Akazungumza mama aliyesimulia jinsi mwanawe alivyoshambuliwa. Kisha wakapewa namba ya simu: atakayetaka kuacha apige, atasaidiwa kupata masomo, kazi au matibabu. Na tangu mwaka 2015, katika hospitali ya Glasgow Royal Infirmary, wapo watu maalumu wanaokaa na majeruhi usiku, wakati jeraha lingali bichi na moyo ungali laini, wakamwuliza kama amechoka na maisha hayo.

Katika mwaka wa 2004 hadi 2005 Uskoti nzima ilikuwa na kesi za mauaji zaidi ya 130. Katika mwaka wa 2022 hadi 2023 zilikuwa 52, idadi iliyokuwa ndogo kuliko zote hadi wakati huo tangu mwaka 1976. Wasomi hawaisifu njia moja tu kwa mabadiliko hayo, kwani sheria za kubeba visu nazo zilikazwa. Lakini askari niliozungumza nao huko walikubaliana katika jambo moja: kijana aliyeacha genge, mara nyingi sana, nyuma yake kulikuwa na mtu mzima mmoja aliyekataa kumwacha.

MAKUBALIANO YA SAA MOJA

Mtu mzima huyo mmoja hawezi kupatikana kwa amri ya serikali. Kwa hiyo mji umejaribu kumtafuta kwa njia ya hiari. Iko mipango ambayo mwananchi wa kawaida, awe karani, fundi au mstaafu, huunganishwa na mwanafunzi mmoja wa sekondari, hasa mtoto anayelelewa chini ya dhamana ya serikali kwa sababu wazazi wake wamefariki, ni wagonjwa, wamefungwa au wameshindwa kumlea. Mmoja wa mipango hiyo, MCR Pathways, ulianza mwaka 2007. Makubaliano yake ni mepesi kuyasema: saa moja kwa wiki, mtu yule yule, mtoto yule yule.

Nami niliomba kuwa mlezi wa hiari katika mpango wa aina hiyo. Sikupokewa mara moja, na kwa hilo niliwaheshimu. Kwanza kumbukumbu zangu zilikaguliwa na serikali, maana huko hakuna anayeruhusiwa kukaa na mtoto wa mtu kwa sababu tu ana nia njema au ana kitambulisho cha askari. Kisha nikapewa mafunzo. Kisha mratibu, mama mtulivu mwenye miwani, akaniuliza swali ambalo sikulitazamia: “Unaondoka lini?” Nilimjibu kwamba masomo yangu yangemalizika mwakani, na kwamba ningeweza kuahidi mpaka mwisho wa mwaka wa shule, mwezi wa Juni. Akasema: “Basi utamwambia siku ya kwanza. Mtoto huyu amehamishwa nyumba tano. Hakuna hata mara moja aliyoambiwa mapema.”

Jina la kijana huyo sitalitaja, wala la shule yake. Alikuwa mwembamba, mwenye nywele nyekundu na masikio yaliyobabuka kwa baridi. Jumatano ya kwanza ya Novemba, saa nne asubuhi, tulikaa katika chumba kidogo kilichokuwa stoo ya vitabu. Aliniita kwa jina langu la kwanza, kama ilivyo desturi ya huko, jambo ambalo kotani kwetu lingemletea mtoto matata. Nilichukua kalenda tukahesabu pamoja Jumatano zilizobaki, tukitoa likizo. Zikawa ishirini na nane. Alizungushia ya mwisho duara kwa kalamu, akaikunja kalenda na kuitia mfukoni bila kusema neno.

Wiki ya pili aliniuliza nyumbani nafanya kazi gani. Nilipomwambia kuwa ni askari polisi, alisogeza kiti chake karibu na mlango. Polisi aliowafahamu yeye ni wale waliokuja usiku kumtoa kwa mama yake. Sikumwambia kwamba polisi ni rafiki wa wananchi. Nilitoa makasha ya mayai niliyokuwa nimeyakata, nikapanga mashimo thelathini na mawili katika safu nne, nikahesabu njegere kavu sitini na nne, nikamfundisha mweso, ule mchezo wa Waganda ulio jamaa ya bao la pwani. Kwa muda wa mwezi mzima mazungumzo yetu yalikuwa ya kete. Kabla ya Krismasi alikuwa akinishinda mchezo mmoja katika mitatu, na kiti kilikuwa kimekwisha kurudi mezani.

Siku za Disemba katika mji huo ni jambo la kusikitisha kwa mtu wa ikweta. Jua huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kutua saa kumi kasorobo alasiri, tena mara nyingi hujificha katikati. Watu hula uji wa shayiri uliotiwa chumvi badala ya sukari, nami niliuzoea hata nikaupenda. Jumatano moja ya Januari ilivuma dhoruba, treni zikasimama, lakini shule hazikufungwa. Nilivaa vyote nilivyokuwa navyo, nikatembea. Nilipoingia chumbani nikichuruzika maji, kijana alikuwa amekwisha kupanga njegere. Akatazama saa ya ukutani, akasema, “Dakika nne.” Halafu akanisukumia kikombe cha chai aliyokuwa ameiomba jikoni, nayo ilikuwa imeanza kupoa, ishara kwamba aliiomba kwa wakati wake.

KITI KITUPU

Baada ya likizo ya Pasaka hakuja. Alikuwapo shuleni, lakini alikataa kutoka darasani. Mratibu aliniambia kwamba ningeweza kwenda nyumbani. Nikauliza kama naruhusiwa kukaa. Nikakaa saa nzima, njegere zikiwa zimepangwa, nikisoma kitabu changu cha chuo. Wiki iliyofuata hakuja tena, nikakaa tena. Mlango ule ulikuwa na kioo kidogo, na mara moja niliona kichwa chekundu kikipita haraka.

Wiki ya tatu aliingia, akakaa, akacheza michezo miwili bila kusema. Kisha akaitoa ile kalenda ya Novemba, imechakaa kwenye mikunjo, akaiweka mezani. Jumatano zote zilizopita zilikuwa zimekatwa kwa msalaba, pamoja na zile mbili ambazo yeye hakuja. “Zimebaki nane,” alisema. Nilimjibu kuwa ndiyo, zimebaki nane. Akasema, “Kila mtu huondoka. Wewe tu ndiye uliyesema tarehe.”

Halafu akaniuliza, “Una watoto?” Nikamwambia ninao wawili. “Wanajua tarehe yako?” Nikamwambia kwamba wanaijua, bibi yao ameiandika kwa chaki ukutani jikoni, na binti yangu hufuta siku moja kila jioni kabla ya kulala. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kwa kukubali, kama ofisa akaguaye gwaride na kuona vifungo vyote vipo. Tukaendelea na mchezo.

Jumatano mbili za mwisho mratibu alimleta mlezi mwingine, fundi wa umeme aliyestaafu, mtu wa pale pale mjini. Tulikaa watatu. Kijana ndiye aliyemfundisha mzee huyo mweso, nami nilikaa pembeni na kunyamaza, kama ilivyokuwa imepangwa. Tulipoagana hakulia, wala mimi sikulia mbele yake. Alitaka kujua jambo moja tu: kama kwa hesabu yetu ya saa ingekuwa saa ngapi Uganda wakati wa saa nne ya Jumatano yao. Nikamwambia kuwa Uganda hutangulia kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi. Aliiandika nyuma ya kalenda.

YATUHUSUYO SISI

Ndugu wasomaji, huenda wako watakaosema kwamba mambo hayo ni ya Wazungu, waliopoteza ndugu na jamaa hata wakahitaji kuwatafuta kwa fomu. Kweli, sisi tulikuwa na walezi kabla ya neno hilo kuandikwa katika karatasi za mipango. Waganda wana ssenga, shangazi ambaye binti humweleza asiyoweza kumweleza mama yake. Waacholi walikuwa na wang'oo, moto wa jioni ambao watoto waliketi kuuzunguka wakifundishwa na wazee. Na wale walioishi katika kambi za wakimbizi wakati wa vita vya kaskazini wanajua ni mangapi yalipotea moto ule ulipozimwa. Lakini tuulizane kwa haki: katika safu za nyumba za kota zetu, ambamo jirani wa kushoto ametoka Arua na wa kulia Kabale, na kila mmoja anangoja uhamisho, ssenga yuko wapi? Mjomba yuko kijijini, umbali wa nauli ya siku nzima.

Mtoto wa askari anafanana na kijana wa Glasgow kuliko tunavyopenda kukiri. Huhamishwa shule katikati ya muhula. Humwona baba au mama akifunga begi usiku, na asubuhi hayupo. Tangu mwaka 2007, majeshi yetu yalipoanza kwenda Somalia, wako watoto wengi waliojifunza kutembea, kusoma na hata kubalehe mzazi akiwa ng'ambo. Nasi kwa kuwahurumia huwaambia, “Baba atarudi karibuni.” Neno “karibuni” halifutiki ukutani kwa chaki. Mtoto hulihesabu siku kumi, ishirini, halafu huacha kuhesabu. Na siku anapoacha kuhesabu ndipo huanza kumtafuta mtu mwingine wa kumsikiliza, ambaye mara nyingi ni kijana mkubwa kuliko yeye kidogo, aketiye nyuma ya ukuta wa kambi na sigara mkononi.

Sisemi kwamba askari akatae safari. Kazi ni kazi, na amri ni amri. Nasema kwamba kuondoka si kosa, bali kuondoka bila neno ndiko kunakomjeruhi mtoto. Yako mambo yaliyo katika uwezo wetu sote, wenye vyeo na wasio na vyeo. Mzazi anayejua tarehe ya kurudi aiseme, na iandikwe mahali ambapo mtoto ataiona. Asiyeijua, na wengi hawaijui, aseme wazi kwamba haijui, na aahidi kitu kidogo anachoweza kukitimiza: simu ya Jumapili jioni, au barua ya kila mwezi. Ahadi ndogo inayotimia ina nguvu kuliko kubwa inayosubiriwa. Na kabla ya kufunga begi, amchague mtu mzima mmoja hapo kotani, amwite, amketishe mbele ya mtoto, aseme: “Nisipokuwapo, huyu atakuja kukuona kila wiki.” Mtu huyo na achaguliwe kwa uangalifu, awe ni mtu ambaye mke au mume, mwalimu na majirani wanamjua mwenendo wake, na mazungumzo yao yawe mahali pa wazi, kama Waskoti wanavyofanya. Wema usiokaguliwa umewaponza watoto wengi.

Kwa ninyi mliobaki kambini, mliostaafu, na akina mama ambao watoto wao wamekwisha kukua, hakuna kazi inayogharimu kidogo kuliko hii. Haihitaji bajeti wala semina. Inahitaji mweso, au drafti, au gunia la mahindi ya kupukuchua pamoja, na siku moja ya wiki ambayo hamtaivunja. Mtoto atawajaribu. Atakataa kuja, ili aone kama saa ni yake kweli au ni ya kujionyesha kwenu. Siku hiyo kaeni, hata kiti cha pili kikiwa kitupu.

Watu wa pwani wana msemo kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi wa kambini tunaishi kwa kwenda tezi na omo, leo mpakani, kesho kozini. Walioko ngamani ni watoto, wanaosikiliza nyayo juu ya vichwa vyao na kuhesabu. Tuwape hesabu iliyo ya kweli.